Wali wa Watu Wanne

Jumapili saa kumi na moja jioni, binti mshonaji alikaanga nyama ya kusaga kwa tangawizi na kitunguu saumu, akaimwagia sosi ya soya, akaichanganya na wali ulioiva nusu, akatandaza vyote kwenye trei na kuisukuma ndani ya oveni. Nyumbani walikiita chakula hicho wali wa chupa. Mama yao alikuwa ameyasoma maelekezo nyuma ya chupa ya sosi, maandishi madogo yaliyotoka bara Asia, ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kutia mguu. Mwishoni yalisema: unatosha watu wanne.

Mama alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Aliwapakulia mumewe na watoto watatu, kisha akasimama kando ya jiko akikwangua trei, akisema kwake yeye ukoko ndio mtamu. Walimwamini, na kumwamini hakukuwa kazi ngumu, maana mezani palikuwa na viti vinne. Alipofariki, miezi mitatu iliyopita, hakuna kiti kilichobaki kitupu. Hilo lilimuuma binti kuliko mazishi yenyewe.

Saa kumi na mbili mama aliingia kwa mlango wa jikoni. Alivua viatu, vikaacha udongo mwekundu wa makaburini kizingitini, akafungua oveni na kuonja kwa ncha ya kijiko.

"Umesahau mafuta ya ufuta," alisema.

Kweli alikuwa ameyasahau. Binti alimshukuru, akanyunyiza kidogo juu, wakapeleka trei mezani pamoja.

Baba, fundi saa mstaafu, aliangalia saa ya ukutani, akasema mama amechelewa, ila ahsante kwa kuja. Kitinda mimba, aliyeitwa Profesa kwa sababu hajawahi kukubali kwamba amekosea, alimshukuru pia na kumwonyesha shati lililong'oka kifungo. Kaka seremala alisema nyumba ilikuwa imepooza bila yeye. Walishukuru kwa moyo mweupe. Hawakuwa watu wabaya.

Binti alisema basi wanahitaji kiti cha tano. Seremala, ambaye wiki hiyo alikuwa amemaliza viti mia moja vya ukumbi wa mikutano, alijibu kwamba hilo si neno, wiki ijayo. Hapo ndipo baba aliposhangaa. Viti vinne, alisema, vimetosha tangu wazaliwe.

Binti hakubishana. Aliinuka, akavuta kiti chake.

"Kaa hapa, mama."

Mama alikitazama kiti kama nguo ya kuazima, akakaa kwenye ukingo wake. Hakikulia hata kidogo. Profesa akaulizia pilipili, na mama akaanza kunyanyuka kwa mazoea. Binti alimwekea mkono begani, bega baridi kama bomba la asubuhi, akaenda kuileta mwenyewe. Kisha wakataka maji. Kisha kijiko kikaanguka, ikabidi aletwe mwingine aliye safi, kama baba alivyopenda kusema, maana kwake vijiko navyo ni watu.

Mama alikula sahani yake ingali moto. Alikula polepole, mpaka punje ya mwisho, akajifuta mdomo na kusema kumbe wali huu ni mzuri. Binti alifurahi. Miaka yote alikuwa ametaka kuona jambo hilo moja tu, na sasa ameliona, akamshukuru Mungu kimoyomoyo, akiwa amesimama kando ya jiko na trei aliyoiondoa mezani. Ndani yake palikuwa pamebaki ukoko wa pembeni tu. Alichukua kijiko, akaanza kukwangua.

Mama aligeuka kwenye kiti.

"Ukoko mtamu, mwanangu?"

"Mtamu, mama."

Mama aliitazama trei iliyokuwa mkononi mwa binti. Baba alicheka kwa furaha ya kweli, akasema mtoto huyu amemfuata mama yake kabisa, akasogeza glasi aongezewe maji.