Hatua Elfu Ishirini za Kigoda

Kaka yake ndiye aliyembandika jina la Kigoda, na jina likamganda. Msichana wa miaka kumi na tatu, akitoka shule anaketi. Akimaliza kula yupo palepale. Akitumwa chumvi anauliza kama haiwezi kusubiri mpaka mtu mwingine atoke. Na juu ya yote hayo, sweta. Jua linachoma, watu wanajipepea kwa madaftari, yeye kajifunika mpaka kidevuni, mikono kaikunja kifuani. Ukimuuliza, ana baridi. Baridi gani hiyo, jamani.

Sasa, shuleni kwao mwalimu wa michezo aliona watoto wa siku hizi wamezidi kukaa. Akaleta vifaa vya kuhesabia hatua, vidogo kama kiberiti, vya kubana kiunoni, vinavyoweka hesabu saa kwa saa. Kila mwanafunzi avae siku tano, asubuhi hadi jioni. Atakayepungukiwa na hatua elfu nane kwa siku, alitangaza huku akijipapasa tumbo lake, ambalo nalo halikuwa haba, atakimbia kuzunguka uwanja kila asubuhi kwa mwezi mzima, shule nzima ikiwa mstarini inamtazama.

Mwaka jana Kigoda alikuwa anakimbia vizuri tu. Lakini mwaka huu kifua kilianza kuota, kinauma kikiguswa, na mara ya mwisho alipokimbia kilicheza ndani ya shati huku wavulana wakichekeana na kusukumana. Tangu siku hiyo aliapa hakimbii tena, na hakumwambia mtu. Angemwambia nani? Kaka? Bora ardhi immeze.

Mama yake alikuwa fundi cherehani, na kazi aliifanyia kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, kwenye mashine ya kukanyaga. Kutwa nzima mguu wa mama ulikuwa kwenye pedali, juu chini, juu chini. Kigoda akaitazama ile pedali, akakitazama kile kifaa, akatabasamu peke yake. Jumatatu asubuhi, mama akiwa jikoni, alijipenyeza chini ya mashine, akakifunga kifaa upande wa chini wa pedali kwa utepe wa kitambaa, mafundo matatu. Kisha akavaa sweta lake akaenda shule. Mwalimu akiuliza kifaa kiko wapi, yeye anajigusa kiunoni juu ya sweta, basi, yamekwisha. Ijumaa jioni akaukata utepe, akakirudisha kifaa kwa mwalimu.

Alichokosea ni kimoja. Hakujua mama yake anafanya kazi kiasi gani.

Jumatatu iliyofuata mwalimu alifika mlangoni kwao na karatasi mkononi, meno yote nje.

"Hongera, Mama."

"Hongera ya nini tena, Mwalimu?"

"Binti yako anapiga hatua elfu ishirini kwa siku. Hakuna aliyemkaribia. Jumatano hakupumzika tangu saa tatu mpaka saa saba. Hata kwenye kipindi cha hesabu anatembea."

"Na mwalimu wa hesabu anasemaje?"

"Anasema katulia kabisa, hainuki. Ndiyo nidhamu hiyo. Anachezesha miguu chini ya dawati bila kumsumbua mtu. Nimemweka kwenye mbio za mita mia nane, Jumamosi, tunashindana na shule ya jirani."

Nyuma ya pazia, Kigoda alipaliwa na mkate.

Mama aliipokea karatasi, akaisoma polepole. Jumatano, saa tatu mpaka saa saba: siku aliyokuwa anamalizia nguo za kwaya. Alhamisi, saa nne, hatua zimekatika ghafla: mteja alikuja kugombana juu ya mkono wa gauni. Yule mama hakuwa mjinga.

"Asante, Mwalimu," alisema, akimrudishia karatasi. "Miguu karithi kwangu."

Mwalimu alipoondoka, mama aliinama, akapapasa chini ya pedali, akatoka na kipande cha utepe chenye mafundo matatu.

"Njoo hapa wewe. Hatua elfu ishirini kila siku, mimi nimefika wapi?"

Kigoda alitaka kucheka, kikatoka kilio.

"Mama, siwezi kukimbia. Kinacheza."

"Nini kinacheza?"

Kigoda alikumbatia sweta lake kwa nguvu zaidi, na hapo mama akaelewa. Mwanamke huyu alikuwa amepima kifua cha kila binti wa mtaa ule; alijua nani kanenepa na nguo ya nani ifumuliwe pembeni. Lakini nguo za mwanawe alizikata kwa macho, baina ya kazi ya mteja huyu na yule: gauni la zamani, ongeza vidole viwili. Aliona aibu, na aliisema.

"Nisamehe, mwanangu. Nimepima watoto wa watu wote, wewe nikakuruka."

Akafunga mlango, akamvua sweta, akampima taratibu bila kumgusa panapouma. Alichukua kitambaa cha jezi, akashona sidiria yenye mikanda mipana na lastiki nene.

"Ruka."

Kigoda akaruka.

"Bado inalegea." Akafumua, akapunguza. "Ruka tena."

Mara ya nne kaka mtu aligonga kuuliza ni kishindo gani hicho. Mama akamwagiza sukari, duka la mbali kabisa.

"Na Jumamosi, Mama?"

"Utakimbia. Umetumia miguu yangu wiki nzima, sasa tumia yako."

Jumamosi mama alifunga kazi, jambo lililowashangaza wateja. Wakimbiaji walikuwa sita. Mzunguko wa kwanza Kigoda alikimbia viwiko vimemganda mbavuni, macho chini. Mzunguko wa pili msichana mmoja mwenye kofia nyeupe alimpita na kumkata njia. Kigoda akapandwa na hasira, mikono ikafunguka. Alimaliza wa nne. Mwalimu alikuwa anaitazama karatasi yake, anakuna kichwa.

Mama alikuja anahema kuliko wakimbiaji, akamvuta pembeni, akamnong'oneza.

"Ilikubana?"

Kigoda alikuwa kashika kiuno, jasho linamtiririka. Alimtazama mama yake kama hajaelewa.

"Nini kilinibana?" Kisha macho yake yakarudi kwenye ile kofia nyeupe. "Mama, na yule tunakimbia naye tena lini?"