Jirani wa Kwanza

Sander Verkuil hakuwa na bustani. Hakuwa na ngazi ndani ya nyumba yake, hakuwa na banda la kuwekea baiskeli zisinyeshewe, wala chumba ambacho bintiye angelala bila kusikia lifti ikipanda na kushuka nyuma ya ukuta. Hakuwa na mbwa, ingawa binti alikwisha kumpa mbwa huyo jina. Hakuwa na jirani aliyemjua kwa zaidi ya kuitikiana kwa kichwa penye masanduku ya barua. Na katika umri wa miaka arobaini na mmoja hakuwa amewahi kuona maiti. Babake alipofia hospitalini Rotterdam, Sander alisimama ukumbini mbele ya mashine ya kahawa, akabonyeza, akanywa, akabonyeza tena, mpaka nesi akaja kumwambia kwamba wameshamfunika.

Hayo mengine aliyasema kwa yeyote aliyemuuliza kwa nini anatafuta nyumba. Hilo la mwisho hakulisema hata kwa mkewe.

Mkewe, Lianne, ndiye aliyeigundua nyumba yenyewe, huko Twente, mashariki ya nchi, viungani mwa mji mdogo ulio kando ya Hengelo. Ilikuwa ya matofali mekundu, mojawapo ya nyumba mbili zilizojengwa chini ya paa moja, zikashirikiana ukuta wa katikati. Nyuma palikuwa na bustani yenye miti miwili ya matofaa. Bei yake isingewapatia hata jiko Rotterdam.

"Mtaa mtulivu sana," dalali aliwaambia, kijana aliyevaa suruali isiyofika kwenye kifundo cha mguu. "Hapa mtu akihamia, hahami tena."

Utulivu ulikuwepo kweli, na ulimkaa Sander vibaya tangu aliposhuka garini. Mapazia yalikuwa wazi kama kwingineko kote nchini, lakini nyuma ya kila dirisha alikuwapo mtu aliyeshika kikombe, akiwatazama bila kuona haya.

Juu ya ua wa mimea wa upande wa kulia kilitokea kichwa cha mzee. Uso ulikuwa mrefu, mwekundu, na macho hakuyapepesa.

"Wewe ndiye mnunuzi?"

"Tunaangalia tu, mzee."

"Una urefu gani?"

Sander alicheka, akidhani ni utani. Mzee hakucheka. "Mita moja na themanini na nane," Sander akajibu.

"Bega la kulia zima? Halijawahi kuteguka?"

"Zima."

Mzee alimpima kwa macho kuanzia viatuni hadi utosini, taratibu, kama mtu anayechagua ubao. "Utafaa," alisema, na kichwa kikazama nyuma ya ua.

Ndani ya gari Lianne alicheka hadi akatoa machozi. "Labda anataka mtu wa kumchumia matofaa, baba wee!"

"Aliniuliza bega, Lianne."

"Tofaa la juu huchumwa kwa bega."

Mara ya pili Sander alikwenda peke yake kupima vyumba. Nyumba ilikuwa tupu. Mwenyewe, Bibi Trui Lansink, alikwisha kuhamia Zeeland, mbali pwani, kwa mwanawe. Sander alikuwa chumbani ghorofani, utepe wa kupimia mkononi, aliposikia ukuta ukigongwa. Ngo, ngo. Kimya. Kisha tena: ngo, ngo. Haukuwa mlio wa nyundo wala wa kiti kilichosukumwa. Ulikuwa mlio wa vidole vya mtu aliyejua kwamba upande wa pili pana mtu. Sander alizuia pumzi. Sauti ilirudi mara ya tatu, polepole zaidi, halafu ikaacha.

Alishuka ngazi kwa ncha za vidole akaingia jikoni. Alipogeuka, mzee alikuwa amesimama nyuma yake.

"Umeingiaje?" Sander aliropoka.

"Mlango wa nyuma. Huku mlango wa mbele ni wa bibi harusi na wa jeneza. Wewe u mmoja wao?" Mzee alinyoosha mkono kuvuta kiti ambacho hakikuwepo, akakumbuka, akaegemea ukuta. "Mimi ni Mans Nijland. Nimegonga, hukujibu."

"Sikusikia."

"Ulisikia." Alisema bila hasira. "Watu wa Rotterdam mnaongea kama redio, lakini mkigongewa mnakuwa mawe. Trui alikuwa anajibu. Trui alijua kila kitu changu. Alijua hata shati liko droo gani."

"Shati gani, mzee?"

"La mwisho."

Sander alishika ukingo wa sinki. Mzee alitazama dari, akatazama upana wa mlango, akachezesha midomo kama anayehesabu.

"Wewe ndiwe utakayenitoa," alisema. "Usichelewe kuhamia." Akatoka kwa mlango wa nyuma, akauacha wazi.

Yote hayo Sander alimsimulia mkewe neno kwa neno, na usiku ule hakulala. Lakini watu wengine wawili walikuwa wanaitaka nyumba, dalali alikuwa anapiga simu kila mara, na binti alikuwa amekwisha kuchora mbwa chini ya mti wa matofaa. Siku ya Alhamisi walitia sahihi.

Sheria ya nchi ile inampa mnunuzi wa nyumba siku tatu za kutafakari. Ndani ya siku hizo anaweza kujitoa bila kulipa na bila kutoa sababu. Sander aliishikilia sheria ile kama mtu anavyoshikilia ubao majini.

"Tujitoe," alimwambia Lianne Ijumaa jioni.

"Kwa sababu ya babu wa miaka themanini na ushei?"

"Kwa sababu aliniambia nitamtoa. Nimtoe nini? Roho? Huyu mtu ana wazimu, au ana jambo. Tutakuwa tunalala kichwa kwa kichwa naye, katikati pana tofali moja tu."

"Sander, mimi nimechoka na lifti." Lianne hakuwa anacheka tena. "Nimechoka na mtoto kuchezea ukumbini kama mzigo uliosahaulika. Ukitaka kujitoa, mpigie dalali wewe. Lakini ukamweleze na mwanao, kwa mdomo wako."

Kesho yake asubuhi, alipokuwa bado anatafuta maneno, simu ililia.

"Verkuil?" Ilikuwa sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka. "Mimi Dinie Wegdam, nyumba ya mkabala. Dalali kanipa namba. Mans amekufa. Tunakungoja kabla ya saa nane mchana."

"Nani? Mimi? Pole sana, mama, lakini..."

"Wewe ni jirani wa kwanza."

"Nyumba bado si yangu!"

"Umetia sahihi?"

"Ndiyo, lakini..."

"Basi. Vaa koti jeusi. Kama huna, mume wangu Wim atakuazima, ila mikono itakuwa mifupi."

Ndipo Dinie akamweleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mwingine siku ya kutoa taka. Mtaani kwao ujirani haukuwa wa kupungiana mikono. Walikuwa na neno lake, *noaber*, na neno hilo lilikuwa na kazi ndani yake. Nyumba iliyoungana na yako ndiyo jirani wa kwanza. Mtoto akizaliwa, jirani wa kwanza ndiye huitwa. Mtu akifa, jirani wa kwanza hufunga mapazia, humwinua marehemu kitandani, hupeleka habari, na siku ya mazishi hushika jeneza upande wa kichwa. Kazi hiyo haikuandikwa kwa jina la mtu. Ilikuwa ya nyumba. Aliyenunua nyumba alinunua na kazi.

"Mans alikuwa na wasiwasi," Dinie alisema. "Marehemu mume wa Trui alikuwa mfupi. Alisema akibebwa na wafupi mbele na warefu nyuma, atafika makaburini kichwa chini. Alipokuona alifurahi wiki nzima."

Sander alikata simu akakaa sakafuni. Hofu haikupungua kwa kupata jina. Ilizidi. Wazimu wa mzee angeukimbia, lakini hii sasa ilikuwa kazi, na watu walikuwa wanamngoja.

Lianne alimtolea koti jeusi. "Si lazima uingie chumbani," alisema taratibu. Kumbe alikuwa anajua, miaka yote ile, kuhusu mashine ya kahawa.

Njiani Sander alipita kila kituo cha mafuta akiwaza kugeuza gari. Mbele ya nyumba mapazia yote ya mtaa yalikuwa yamefungwa, nyumba baada ya nyumba, na mtaa ukawa kama uso uliofumba macho. Ni madirisha ya Mans tu yaliyokuwa wazi.

"Tumekuachia," Dinie alisema mlangoni. Alikuwa mwanamke mpana, mwenye nywele za mvi zilizokatwa fupi. "Ya kwake unafunga wewe. Anza chini."

Alifunga ya sebuleni na ya jikoni. Kisha akapanda ngazi, akihesabu kasoro zilizokuwa ukutani ili asihesabu hatua zake. Kilikuwa chumba cha upande wa pili wa ule ukuta uliogongwa. Kitanda kiliegemezwa ukutani pale pale alipozuia pumzi.

"Tangu Trui aondoke hakuna aliyemjibu," Dinie alisema nyuma yake. "Kila asubuhi aligonga mara mbili, Trui naye mara mbili. Ndiyo ilikuwa salamu. Maana yake: bado nipo."

Sander alivuta pazia la mwisho, chumba kikawa kijivu, na sasa hapakuwa na kitu cha kutazama isipokuwa kitanda.

Wim Wegdam na mtu wa mazishi walikuwa wameshika shuka upande wa miguu. Mahali pa kichwani palikuwa wazi.

"Siwezi," Sander alisema.

"Hakuna anayeweza," Wim alijibu. "Shika chini ya mabega. Usimtazame, nitazame mimi."

"Mikono yangu inatetemeka."

"Yeye hatakusema."

Aliingiza mikono. Hakutegemea uzito. Kichwa kilimwegemea mkononi kama cha bintiye anapolala garini, ila kilikuwa na baridi, baridi ya kitu kilichoachwa nje, na baridi ile ilipita kwenye mkono wa koti hadi kwapani. "Sasa," Wim alisema, na Sander akainua. Hatua ya kwanza aliinama mno, Wim akafoka, "Nyooka, jirani! Wewe ndiye mrefu!" Akanyooka. Walimlaza Mans katika jeneza, akiwa na shati jeupe ambalo Dinie alilipata katika droo ya tatu baada ya kufungua zote.

Sander alishuka mbio, akatokea mlango wa nyuma, akatapika chini ya mti.

Aliporudi ndani, kahawa ilikuwa mezani na kopo la biskuti liko wazi. Dinie alimpa moja, akafunga kopo. Majirani kama saba hivi walikuwa wameizunguka meza, wakiandika anwani kwenye bahasha za msiba zenye ukingo wa kijivu. Hakuna aliyemuuliza alikuwa wapi.

"Rangi imekurudi kidogo," alisema mmoja. "Ulikuwa mweupe kuliko Mans."

Walicheka chini chini, na Sander, kwa mshangao wake, akacheka nao.

Dinie alimsogezea karatasi tupu. "Trui hasikii kwenye simu, na kadi tupu haimtoshi. Miaka hamsini alikuwa jirani wa kwanza wa Mans. Lazima aandikiwe. Huandika jirani wa kwanza."

Sander hakuigusa karatasi.

"Sikiliza," Dinie akaendelea. "Najua sheria. Kwa kuwa wikiendi imeingia kati, mpaka Jumatatu unaweza kujitoa. Ukijitoa, Wim atashika kichwani, na Mans ataenda kombo, basi. Hatutakuchukia. Tutakusema tu."

"Kwa muda gani?"

"Sisi? Mpaka tufe."

"Na nikiandika?"

"Ukiandika, Jumatano uko kichwani. Na baada ya Mans nitafuata mimi, au Wim. Yule pale kwenye kiti, Hennie, moyo wake mbovu, anaweza kututangulia sote. Sikufichi. Mtaa huu ni wa wazee." Alimimina kahawa. "Na siku yako ikifika, hutalala peke yako hata saa moja. Hilo nalo sikufichi."

Hilo lilimtisha kuliko yote, maana lilikuwa kweli pande zote mbili. Aliwaangalia watu wale mmoja mmoja, shingo zao, viganja vyao, akaona kwamba kila mmoja siku moja atakuwa mzito hivyo na baridi hivyo mikononi mwake. Aliwaza nyumba ya Rotterdam, milango minane kwa kila ghorofa. Aliwaza bustani. Kama angesimama sasa hivi, gari lilikuwa mbele ya nyumba.

Akachukua kalamu.

*Bibi Trui,* aliandika. *Wewe hunijui. Mimi ndiye niliyenunua nyumba yako. Mans amefariki leo asubuhi, kitandani kwake. Mapazia nimeyafunga mimi. Nilimwinua mimi pamoja na Wim, na niliogopa sana, na bado naogopa. Juzijuzi alinigongea ukutani, sikumjibu. Sikujua. Jumatano nitashika kichwani. Mengine ya kazi hii siyajui, na hapa hawasemi mpaka mtu akosee. Ukiwa na nguvu, niandikie. S. Verkuil, jirani wa kwanza.*

Dinie aliisoma bila kuomba ruhusa. "Ndefu," alisema. "Lakini Trui anapenda barua ndefu."

Sander aliikunja karatasi, akaitia katika bahasha ya kijivu. Gundi ilikuwa na ladha chungu kwenye ulimi wake. Aliibana kwa kiganja hadi ikashika, akabandika stempu, akavaa koti. Sanduku la posta la rangi ya machungwa lilikuwa mwisho wa mtaa, na mvua ndogo ilikuwa imeanza. Alisimama mbele yake, barua ikiwa nusu imeingia na nusu ingali vidoleni. Kisha akaiachia, akaisikia ikianguka juu ya nyingine.