Aproni ya Ini

Binti alirudi nyumbani saa nne asubuhi, kengele ya mapumziko ikiwa hata haijalia, na mama yake aliyekuwa ameinamia cherehani akajua kwamba kuna jambo kabla hajaambiwa. Mtoto yule hakuwa wa kutoroka shule. Marehemu baba yake alimpachika jina la Hakimu tangu ana miaka minne, kwa kuwa hakuweza kuliona kosa akalinyamazia. Mgeni akisema leo Jumanne kumbe Jumatano, Hakimu atamkatiza hapo hapo, chai isubiri. Sasa alikuwa na miaka kumi na mmoja, na alisimama mlangoni na barua mkononi, macho makavu, midomo ameibana.

Fundi aliipokea barua, akaisoma akiwa bado amekalia kiti chake. Mwanafunzi amembishia mwalimu wa sayansi mbele ya darasa na amekataa kuomba radhi. Asirudi darasani mpaka afike na mzazi wake na aombe radhi mbele ya wenzake. Nafasi yake katika maonyesho ya Ijumaa amepewa mwingine.

Maonyesho yale ndiyo yaliyokuwa gumzo la nyumba kwa wiki tatu. Hakimu ndiye angevaa aproni ya mwili, abandue kiungo kimoja kimoja mbele ya wazazi na kueleza kazi yake: mapafu, moyo, ini, tumbo, figo. Kisha angesimama katikati ya uwanja amekumbatia Jua, na wenzake wanane wamzunguke, kila mmoja na sayari yake. Vyote hivyo, aproni, Jua na sayari, alivishona mama yake kwa mkono wake na kwa furaha yake. Sayari alizijaza vipande vya vitambaa. Mshtarii peke yake alimeza gunia zima, na pete ya Zohali ilitokana na waya wa kivuli cha taa iliyokufa.

"Ulimbishia nini?" aliuliza.

"Alisema ini liko kushoto. Nikasema liko kulia."

"Halafu?"

"Akaniuliza nani kaniambia. Nikasema ini la baba lilikuwa kulia, nililiona." Mtoto akatazama sakafu. "Akasema basi baba yako aliumbwa kinyume. Darasa zima likacheka."

Fundi aliikunja barua mara mbili, akaikunja tena. Mume wake alikuwa na miaka miwili kaburini, na ile miezi mitano ya mwisho hakuna aliyeijua kuliko watu wawili waliokuwa chumbani pale wakati huu. Yeye alikuwa akikamua taulo la maji ya moto na kuliweka chini ya mbavu za kulia, na mtoto alikuwa akishika beseni. Mahali pale palipovimba alipajua kwa kiganja chake. Leo mtu mzima, na chaki yake, na mshahara wake, amepageuza mzaha wa kuchekeshea watoto.

"Vaa viatu," alisema.

"Ninavyo."

"Basi twende."

Alitoka na futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Barabarani mteja mmoja alimsimamisha kuulizia gauni lake la harusi ya dada yake. Fundi alimjibu bila kupunguza mwendo kwamba leo hana gauni la mtu, na kama ana haraka akalichukue mezani vile vile, bila mikono. Siku nyingine angejuta. Siku hiyo hasira zilikuwa zimempanda mpaka masikio yakavuma, na Hakimu ilibidi akimbie kidogo ili amfikie.

Ofisini alimkuta mwalimu mkuu, mama mnene mwenye sauti ya kuchoka, na mwalimu wa sayansi ambaye watoto walimwita Bwana Sauti. Jina hilo lilimfaa, kwani alikuwa mwalimu wa muziki. Yule wa sayansi alihama mwanzoni mwa mwaka, na Bwana Sauti akabebeshwa vipindi vyake juu ya vile vya kwaya. Alikuwa kijana nadhifu, kola imepigwa pasi ikasimama.

"Karibu mama, keti," alisema mwalimu mkuu.

"Sikuja kukaa. Nimekuja kuonyeshwa mtu aliyeumbwa kinyume."

Bwana Sauti akakohoa. "Mama, ule ulikuwa utani tu. Lakini mtoto naye ana ubishi. Ukimwachia, kesho watabisha wote."

"Amebisha kitu gani?"

"Mambo ya kitaalamu, mama. Mahali pa ini."

"Mwalimu, mimi sina utaalamu. Mimi ini nimelikanda kwa taulo miezi mitano. Nieleze wewe uliyelisomea, liko wapi?"

"Kifaa kinaonyesha wazi. Liko kushoto."

"Kifaa gani?"

"Aproni," alisema Bwana Sauti, na safari hii alionekana kushangaa kweli. "Ile uliyotushonea wewe."

Fundi alicheka, kicheko kikavu. Alimwambia mchoro aliopewa na shule aliufuata nukta kwa nukta, kwamba ana miaka ishirini na mbili kwenye kazi hii na hajawahi kumshonea mtu mkono wa kushoto begani kulia, na kwamba kama mwalimu hajui kutofautisha mikono yake basi asiitupie lawama nguo. Alisema mengi. Mwalimu mkuu alijaribu kuingia kati mara mbili akashindwa. Hakimu, aliyekuwa kando ya mlango, alimvuta mama yake nguo.

"Mama, twende nyumbani. Nitaomba radhi."

"Huombi radhi ya mtu. Ileteni hiyo aproni. Ivalishwe mtu hapa hapa, nione."

Ikaletwa. Aliyekuja ameivaa ni msichana mwenye nywele za matuta, yule aliyepewa nafasi ya Hakimu. Aliingia amejikaza, mikono ubavuni, viungo vyote vimebanwa kifuani na tumboni kwa vifungo vya kubonyeza: mapafu ya waridi, moyo mwekundu karibu na katikati, tumbo la kijani, na ini la kahawia, kubwa, lililopigwa pindo zuri kuzunguka.

Ini lilikuwa kushoto kwa mtoto.

Fundi alilitazama. Akatazama tumbo lililokuwa kulia. Akamsogelea yule msichana, akalipindua pindo la aproni, na upande wa ndani akaiona chaki yake mwenyewe, ya bluu, haijafutika. Hapo hakuhitaji kuelezwa na mtu. Mafundi huchora upande wa ndani ili chaki isichafue uso wa nguo. Alikuwa ameutandaza ule mchoro pembeni, akaunakili vizuri kabisa, nukta kwa nukta kama alivyosema, juu ya mgongo wa kitambaa. Kisha akapigilia vifungo vyake kwenye alama na kukigeuza. Cha kulia kikaenda kushoto. Sayari hazikumponza, kwani mpira hauna kulia wala kushoto. Na hii aproni, yeye ambaye hatoi hata sketi bila kumjaribisha mwenyewe, hakuwahi kumvalisha mtu. Alijiambia si nguo. Aliikunja, akaitia mfukoni, akaipeleka.

Wangeweza kutoka pale bila yeye kusema neno, kwani hakuna mwingine aliyeijua maana ya ile chaki. Bwana Sauti alikuwa ameanza kutabasamu tabasamu la mtu aliyeshinda.

"Kosa ni langu," alisema Fundi. "Nimechora ndani nikasahau kugeuza. Ini liko kulia, kama alivyosema mwanangu. Aliyeliweka kinyume ni mimi."

Tabasamu likakaa usoni pa Bwana Sauti, halijui liende wapi.

"Usifurahi," Fundi aliendelea, na sauti yake haikushuka. "Mimi nimekosea kwa chaki. Wewe umekosea kwa nini? Mchoro mlinipa ninyi. Kitabu mnacho. Umefungua?"

Mwalimu mkuu aligeukia kabati lililokuwa nyuma yake, akavuta kitabu cha mwalimu cha sayansi. Kilikuwa bado kimo ndani ya nailoni yake. Aliichana nailoni taratibu, akafungua, akatafuta ukurasa, akausoma, kisha akakiweka mezani kimegeuzwa upande wa Bwana Sauti. Bwana Sauti alisoma mistari miwili, akalegeza kola.

"Nilipewa vipindi kumi na viwili juu ya vyangu," alisema, safari hii bila sauti ya kwaya.

"Nakusikia, na hilo mtamalizana wenyewe," alisema Fundi. "Mimi nina la marehemu. Hilo ulilisema mbele ya darasa."

Mwalimu mkuu akasimama. "Nenda kalirudishe mbele ya darasa," alimwambia kijana. "Sasa hivi. Na mtoto arudi kwenye nafasi yake."

"Huyu je?" Hakimu aliuliza, akimwonyesha mwenzake mwenye matuta, ambaye machozi yalikuwa yameanza kumlengalenga. "Yeye hajakosa. Aeleze mapafu na moyo. Mimi nitaeleza kuanzia ini."

Mwalimu mkuu akasema sawa.

Fundi akaivua ile aproni mwilini mwa msichana, akatoka nayo nje, akakaa kwenye benchi la barazani. Futi ilikuwa shingoni, wembe wa kufumulia ulikuwa kwenye mkoba mdogo asiouacha. Akaanza kung'oa vifungo. Kupitia dirishani alimsikia Bwana Sauti akiwaambia watoto kwamba ini liko kulia, kwamba alikosea, na kwamba lile neno alilolisema kuhusu baba wa mwenzao halikuwa neno la kusemwa. Darasani hakuna aliyecheka. Fundi alisikiliza mpaka mwisho, na bado hasira ilikuwa pale pale, ila sasa ilikuwa imebaki na mtu mmoja tu wa kumwendea, naye alikuwa ameshika wembe.

Hakimu alikaa kando yake.

"Ulijua tangu lini?" mama aliuliza bila kuinua kichwa.

"Siku ya kwanza nilipoivaa."

"Wewe usiyeweza kumwacha mgeni akose siku. Mbona hukuniambia?"

Mtoto aliokota kifungo kilichoanguka, akakifuta vumbi kwenye sketi.

"Ulikuwa unaimba, mama. Ulipokuwa unaishona. Tangu baba afe sikuwa nimekusikia."

Wembe ukasimama. Fundi alitazama mbele, uwanjani, ambako mtu alikuwa amekwisha kuchora duara nane za chokaa kwa ajili ya Ijumaa, moja ndani ya nyingine. Alitaka kukasirika na akakosa wa kukasirikia. Akalichukua ini la kahawia, akampa binti yake.

"Nionyeshe," alisema. "Nisije nikakosea tena."

Hakimu alilipokea, akaliweka ubavuni mwa mama yake, kulia, chini kidogo ya mbavu, akalishikilia pale kwa kiganja kizima, kama taulo linavyoshikiliwa mpaka lipoe.