Wa Mwisho Kwenye Skrini

Alama ile ile inayoiambia kompyuta kwamba tano ni kubwa kuliko tatu, mtengeneza programu wa zahanati aliipa kazi ya pili: ikiwekwa kati ya wagonjwa wawili, iseme nani amezidiwa zaidi, na huyo ndiye atangulie kwa daktari. Alijivunia kazi yake mpaka mama yake mzazi alipokuja na kikohozi, akaona jina lake limeganda mkiani mwa skrini huku wengine wakimpita.

“Yaani mimi niliyekuzaa ndiye wa mwisho?” akamjia juu.

“Mama, programu imewalinganisha wote humu. Hakuna mzima kukushinda.”

Mama akawatazama wenzake kwenye benchi, akavua viatu, akanyoosha miguu.

“Basi ole wako unisogeze mbele.”