Nifunge, Nisifunge

...nifunge au nisifunge, anauliza tena fundi huko nyuma ya gari, kwenye kioo cha pembeni namwona kofia tu na ile mipira miwili myeusi ya kuzuia tope imelala sakafuni, nami nimekaa kiti cha dereva jasho linanitoka, kwani kitu gani, watu wanafunga mipira nyuma ya magurudumu kila siku wala hawawazi kama wanaoandika wosia, lakini gari ni la baba, na baba miaka yote alisema gari la porini halivai sketi, ukirudi nyuma kwenye mawe mpira unakanyagwa, unang'oka na bati lake, na shemeji, mume wa dada, aliyekuwa akimfuata kwa pikipiki na sanduku la chanjo za ng'ombe, akilalamika kwamba yeye huko nyuma anakula tope asubuhi mpaka jioni, kokoto zinamgonga kofia, baba anamjibu mwenye haraka apite mbele, wanacheka wote, shemeji anacheka na udongo kwenye meno... ndivyo walivyokuwa, mpaka kiharusi kilipomnyang'anya baba mkono wa kulia na ulimi, sasa ng'ombe wa kutibu ni wangu, funguo zangu, na shemeji yuko nyuma yangu, kesho tunapanda mlimani...

Daktari, nasubiri, anasema fundi, namwambia niwaze kidogo, naye anacheka, waza tu, gari haliendi popote, gurudumu moja nimelitoa liko chini, na kweli, kona ya nyuma iko juu ya jeki, nimekaa mshazari... asubuhi nilikuwa nimesimama mlangoni kwa baba, funguo mkononi, naaga, akasema neno, la kwanza tangu augue, funga, au fung... na kitu kingine kikazama kooni, nyumba nzima ikageuka soko, mama akakimbilia dirisha akalifunga, baridi inamwingia jamani, dada akasema hapana, amesema fungua, akavuta pazia, jua likampiga machoni baba wa watu akakunja uso, na shemeji, mikono kiunoni, si mmesikia, mzee mwenyewe ameridhia, mipira ifungwe... u moja tu katikati, funga, fungua, kasauti kadogo vile kakabeba mzigo wa nyumba nzima, na baba akitutazama mmoja mmoja, tunahangaika kama kuku waliomwagiwa maji, jicho lake la kushoto, ningeapa, lilikuwa linacheka...

Na hili tope sasa, fundi anasema lazima alikwangue ndipo apate pa kupitisha bolti, ndiyo maana aliniita kwanza, njoo uone, gari lako limeota, nikadhani utani wa gereji, nikapiga magoti, nikachungulia juu ya gurudumu, na lo, tope la baba limegandamana unene wa kiganja, tabaka juu ya tabaka, jekundu la njia ya mlimani, jeusi la bondeni ambako tulikwama nikiwa bado mwanafunzi, jeupe kama majivu sijui la wapi, hata sikujua alifika huko, na katikati yake, gizani, ambako hakuna aliyemwagilia, majani, membamba, ya kijani, yameinama kutafuta mwanga, mbegu zilirushwa na magurudumu zikakaa zikisubiri, gari limesimama uani tangu augue, sisi tunalipita tukilionea huruma, kumbe lenyewe linaotesha... nilishangaa mpaka nikaogopa kupumua, na fundi akaiweka bisibisi chini...

...nachezea funguo, zinalia, kengele ndogo hiyo, chwi chwi, na hapo hapo... funguo... tangu udogo wangu funguo zikilia baba hageuki hata kunitazama, anasema tu, hata kama tunakwenda dukani, hata siku ya harusi ya dada gari limejaa maua, hawashi mpaka asikie kah... funga mkanda... Mungu wangu, mimi ndiye niliyekuwa mlangoni, funguo zilikuwa mkononi mwangu, zililia, wala si dirisha, wala si pazia, mipira hakuiwaza kabisa, maneno yote yamemvunjikia ndani, akatafuta humo gizani, la kwanza kulipata likawa hilo, langu, la kuniaga, nami nikamwacha nikabishana na shemeji... navuta mkanda, napitisha kifuani, kah, inasikika gereji nzima, na fundi anainua kichwa.

"Daktari, unasafiri na jeki?"

Nacheka, machozi yananitoka nacheka, baba amesema lake, hili la mipira ni langu, aliye nyuma yangu kwenye pikipiki mkanda hana, mawe yaing'oe tu, tutafunga mingine...

"Funga," nasema. "Funga yote miwili. Lakini hilo tope lenye majani usilikwangue, libandue zima zima, nina mtu wa kumwonyesha."

Ananitazama kwenye kioo, anakwenda kutafuta kopo, gurudumu bado liko chini, na mimi nimekaa mshazari, nimefunga mkanda, siendi popote...