Chupa ya Kutapisha

Mwanangu Kanyere alipokonda hadi sketi ya shule ikafungwa kwa kamba, sikungoja kuambiwa na mtu: ni karuho. Hapa Butembo kila mtu anaijua sumu hiyo ya polepole, na kila mtu anaijua dawa yake: utapike mpaka itoke. Nikanunua chupa ya dawa ya majani huko mtaa wa Kimemi, nikawa nampa kijiko baada ya kila mlo. Hakukataa hata siku moja. Nikamsifu kwa majirani kwamba ni mtoto mtiifu.

Alipozimia kanisani, padri akatutuma kwa Monique, mwanasaikolojia anayepanda kutoka Beni kila Jumanne kuwatibu watu walioshindwa na chakula. Nilimdharau mara moja. Daktari gani hana hata sindano? Nikaiweka chupa yangu mezani ajue sisi si wajinga.

Hakucheka. Aliinusa, akamuuliza Kanyere, "Iyi dawa inakusaidia?"

"Sana."

Nikatabasamu.

"Inakusaidia kufanya nini, mwana wangu?"

Kanyere akainamisha kichwa. "Kutapika. Nikikula, najiona munene, napata haya. Mbele ya iyi dawa nilikuwa nasumbuka kutoa chakula. Mama akaleta iyi."

Miezi minne namshuku wifi yangu kwamba ndiye aliyemtilia karuho, kumbe sumu inatoka kwenye kijiko changu!

"Docteur, donc ni miye njo namuua," nikamwambia Monique.

Mwingine angenihubiria. Monique alisogeza kiti chake karibu na changu. "Hapana, mama. Ulimusaidia na kile ulijua. Sasa tutafunda kingine." Nilimpenda mwanamke yule papo hapo, na nampenda mpaka leo, ingawa alinipa kazi ngumu: kula na mwanangu bila kuhesabu matonge yake. Mimi, ninayechungulia hata sufuria za majirani!

Jumanne ya sita Monique alikuja kwetu, akaketi nasi kwenye obundu, ugali wetu wa muhogo, na samaki. Alikula kwa raha huku akiuliza habari za soko la Kanyabayonga. Kanyere akaitazama sahani, kisha akanitazama mimi.

"Mama, onja kwanza."

Kwetu maneno hayo huambiwa mtu anayeshukiwa sumu. Hasira ilinipanda hadi masikioni. Nikamgeukia Monique anitetee. Alikuwa anachambua miiba ya samaki. Nikaelewa kwamba jibu hilo ni langu peke yangu. Nikakata tonge, nikachovya, nikameza mbele ya mwanangu.

Kanyere akakata lake, dogo kama harage, akala. Hakuinuka kwenda nje.