Ihembe Inaita Nkwenda

Chane ya tatu ya ukindu ilikatika asubuhi ile, Kokwijuka akaitupa uani. Kuku wakaikimbilia wakidhani ni chakula. Hata kuku walimkera siku hizo! Jua la Julai lilikuwa limeshakuwa kali, chini ya pipa la maji kulibaki tope tu, hakuna cha kulowekea chane, na kifuniko cha kikapu kilikuwa mapajani mwake hakijafika hata nusu. Wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi, na leo ilikuwa Jumanne.

Tusidanganyane, Kokwijuka hakuwa fundi wa kusuka. Kulima alijua, kutengeneza pombe ya ndizi alijua, kugombana alijua kuliko vyote. Lakini katika ukoo wao bibi harusi huingia kwa mumewe na kikapu kidogo cha ukindu chenye kifuniko, ndani mna kahawa ya kutafuna, na kikapu hicho lazima kisukwe na mwanamke aliyemlea. Shangazi wa bwana harusi hukigeuzageuza mbele ya watu wote kabla ya kukifungua. Bibi harusi mwenyewe, Deodatha, alikuwa mtoto wa marehemu dada yake, na siku dada yake anakata roho Kokwijuka alimwambia, "Mtoto huyu hatakosa kitu ambacho ungempa wewe." Akamlisha, akamsomesha, akamchapa alipostahili. Kilichobaki ni kikapu tu.

"Mama, si tununue kingine sokoni?" Deodatha alimwuliza akiwa jikoni.

"Nyamaza! Kwani umelelewa na soko?"

Tegemeo lake lilikuwa redio koli ya zahanati ya misheni ya Ihembe, kijijini kwake. Kila siku saa sita mchana, zahanati zikishamaliza habari zao za dawa na wagonjwa, Melkiory, mhudumu wa redio, aliwaachia wanawake wasukaji dakika chache. Saa hizo jua la utosi lilikuwa limeijaza betri ya sola ya redio, na kazi ya shamba haifanyiki. Walianza kwa kuulizana ukindu mzuri unapatikana wapi. Miezi ikapita, wakawa wanaulizana habari za magoti, za waume, za mtoto aliyefukuzwa shule. Kwenye kituo cha Ndama alikuwepo Xaveria, bingwa wa utani. Kwenye kituo cha Nkwenda alikuwepo Nyirabageni, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Rwanda wakiwa wamembeba mgongoni. Hakuna aliyewahi kumwona mwenzake. Walijuana kwa sauti, na la mmoja lilisikiwa na wote.

Nyirabageni ndiye aliyemfundisha Kokwijuka kusuka tangu kitako cha kikapu. "Dada, unavuta kama unavuta ng'ombe. Legeza mkono. Ova." Alikuwa na sauti nzito, ya taratibu, na Kokwijuka alimchora akilini: jimama refu, lenye mabega. Jimama hilo lilikuwa limeahidi, watu wote wakisikia, kwamba kifuniko watakwenda nacho pamoja, mzunguko kwa mzunguko. Kisha, tangu wiki iliyopita, Nkwenda kimya.

Saa sita ilipofika Kokwijuka alikuwa zahanati, maiki mkononi.

"Nkwenda, Nkwenda, Ihembe hapa. Unanipata? Ova."

Redio ikakoroma tu. Akaita tena. Akaita tena.

"Ihembe, Ndama hapa," akasema Xaveria. "Hata sisi hatumpati. Labda ni joto hili limemwangusha. Tuliza moyo, dada. Ova."

Tuliza moyo! Moyo gani wa kutulia? Kokwijuka akamgeukia Melkiory, maiki kaikamata ngumini kama anataka kuikamua.

"Anaringa, huyo! Kaniahidi kwa mdomo wake, sasa nimekwama kwenye kifuniko, yeye kanyamaza. Lakini kosa langu mimi. Nilitegemea nini? Mkimbizi ni mkimbizi tu, leo yupo, kesho hayupo. Mtu hana kwao, atajuaje uchungu wa mwanao kuaibishwa mbele ya wakwe?"

Melkiory alikuwa amesimama, macho yamemtoka, anamwonyesha kidole gumba chake mwenyewe. Kokwijuka hakuelewa. Kisha akatazama mkono wake. Kidole chake kilikuwa kimebonyeza kitufe cha kusemea muda wote ule, kwa nguvu, hadi ukucha umekuwa mweupe.

Mawe, mama yangu! Akakiachia kana kwamba kimemuunguza. Redio ikakoroma. Mwishowe akaja Xaveria, bila utani wowote: "Ihembe, tumekusikia. Wote. Ova."

Jumatano hakwenda zahanati. Alifagia uwanja, akarudia kuufagia, akamfokea Deodatha kwa sababu ya sufuria iliyokuwa safi kabisa. Alishika kifuniko, akakiweka, akakishika tena. Alijiambia kwamba labda Nyirabageni hakuwepo redioni, labda hakusikia, labda yuko kitandani anaumwa, na hapo akazidi kujichukia, kwa kuwa alijikuta anamwombea mwenzake awe mgonjwa.

Alhamisi alasiri alikuwa ameinamia chane zake, zinakatika moja baada ya nyingine, aliposikia sauti kutoka nje ya ua.

"Ihembe, Ihembe, Nkwenda hapa. Unanipata?"

Kokwijuka aliinuka mzima mzima, ukindu ukamwagika. Sauti ni ile ile. Lakini aliyesimama pale alikuwa kimwanamke kifupi, kikavu, miguu imejaa vumbi jekundu, kichwani kabeba kipande cha mgomba kilichofungwa kwa kamba.

"Kitufe cha redio yetu kimekufa," Nyirabageni akasema, akitua mzigo wake. "Kusikia tunasikia, kusema hatuwezi. Wiki nzima unaniita, na mimi nakujibu pale kama mwehu, hakuna anayenisikia."

"Kwa hiyo Jumanne..."

"Nilikuwepo."

"Ulisikia yote?"

"Yote. Jana nikasema siji, na asinitajie mtu jina la Ihembe. Leo alfajiri nikapanda lori la kahawa. Nimekasirika njia nzima. Bado nimekasirika. Lete hicho kifuniko."

Kokwijuka akakileta kwa mikono miwili. Nyirabageni alikitazama upande mmoja, akakitazama upande wa pili.

"Fumua."

"Yote?"

"Yote."

Wakahamia migombani, kwenye kivuli. Nyirabageni alipasua kile kipande cha mgomba alichokuja nacho, na ndani yake chane za ukindu zilikuwa zimelala zimelowa, laini, zinapinda bila kulalamika. Mgomba hushika maji hata kiangazi, alisema. Chane zilale humo, uchomoe moja unapoihitaji. Kokwijuka alitazama shamba lake zima la migomba, akakumbuka jinsi alivyolilia pipa la maji, akajiona mjinga wa kutupwa. Lakini kifuniko chenyewe Nyirabageni hakukigusa hata mara moja. "Aliyemlea ndiye anayesuka," alisema. Alikaa pembeni, akasema vuta, legeza, siyo hapo, rudia. Kuhusu Jumanne hakusema kitu tena, na Kokwijuka alitamani angetukanwa tu yaishe.

Walisuka hadi giza likawafukuza, na Ijumaa asubuhi wakaendelea. Jua lilipofika utosini ilibaki mizunguko mitatu. Kokwijuka akaweka kifuniko chini, akasimama.

"Unakwenda wapi?"

"Redioni. Twende."

"Una wazimu? Mgomba umeshanyauka, chane zitakauka. Wakwe kesho!"

"Zikauke. Nitakata mgomba mwingine." Akamshika mkono, akamvuta.

Melkiory alimpa maiki kwa shingo upande, akimtazama kidole. Kokwijuka akabonyeza, safari hii akijua anachobonyeza.

"Vituo vyote, vituo vyote, Ihembe hapa. Jumanne mlinisikia. Nilisema Nyirabageni hana kwao. Nilisema uongo, na nilisema kwa ubaya. Redio yao ilikuwa mbovu, lakini mimi nilikuwa mbovu zaidi. Ameyasikia yale, na bado amekuja. Sasa nasema hivi, mnisikie vizuri: kwangu ni kwao. Kesho kikapu kikifunguliwa, punje ya kwanza ya kahawa anapewa yeye, kabla ya wakwe, na atakayenuna anune. Nisamehe, dada yangu. Ova."

Akaachia kitufe. Machozi yalimtoka, hakuyafuta. Nyirabageni alikuwa amesimama ubavuni kwake kabisa, angeweza kumjibu kwa kunong'ona. Badala yake alinyoosha mkono, akaichukua maiki, akabonyeza.

"Ihembe, Nkwenda hapa," akasema. "Nakupata vizuri."

Akamtazama Kokwijuka machoni.

"Na nyie wengine, mizunguko imebaki mitatu, na huyu dada yangu bado anavuta kama anavuta ng'ombe. Ova."